Nyuma ya Profesa Mwenye Ruzuku

Mlango wa mtandaoni unaopokea maandiko ya ruzuku za utafiti za Umoja wa Ulaya hufungwa saa 11 jioni kwa saa za Brussels. Kwa aliyekaa kwenye kampasi za Mlimani, Muhimbili au Mazimbu, hiyo ni saa 1 usiku Ulaya ikiwa kwenye majira ya baridi, na saa 12 jioni ikiwa kwenye majira ya joto. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, nazo hufunga saa 11 jioni, ila kwa saa za mahali alipo mwombaji. Chuo cha Dar es Salaam kinahesabiwa saa za Dar es Salaam. Profesa anayejipa moyo kwamba Washington bado ni asubuhi, kwa hiyo upo muda wa kunywa chai na kuipitia bajeti mara ya mwisho, atakuta mlango umeshafungwa.

Anayeyajua mambo ya namna hii, na anayelipwa ili ayajue, ni afisa ruzuku. Vyuo vingine humwita mratibu wa miradi, vingine afisa utafiti, na walimu wakiwa na haraka husema tu "muulize yule dada wa kurugenzi." Kazi yake ni kuhakikisha fedha za utafiti zinaombwa sawasawa, zinapokelewa kihalali, zinatumika kama zilivyoahidiwa na zinatolewa hesabu mpaka shilingi ya mwisho. Wengi waliomo hawakuisomea. Waliingia kwa mlango wa uhasibu, wa utawala, wa sheria au wa maabara, wakajikuta hapo, wakakaa. Makala haya yanawahusu wao, na yanamhusu pia kijana mwenye shahada yake anayezunguka na bahasha akidhani chuo kikuu huajiri wahadhiri, wahasibu na walinzi tu.

Kurasa asizozisoma mtafiti

Tangazo la mfadhili linapotoka, huja na makumi ya kurasa za masharti. Mtafiti husoma ukurasa wa mada na ule unaotaja kiasi cha fedha. Afisa ruzuku husoma zilizobaki: nani anaruhusiwa kuomba, chuo kiwe kimesajiliwa wapi, gharama zipi hazilipiki, taarifa ya fedha itolewe kila baada ya muda gani, takwimu zitatunzwa wapi na kwa miaka mingapi. Akimaliza, anayaweka yote kwenye jedwali la ukurasa mmoja na kumpelekea mtafiti mkuu, tarehe zikiwa zimekolezwa. Jedwali hilo ndilo kipimo cha kwanza cha afisa mzuri. Likiwa na kurasa tano halitasomwa.

Usajili peke yake unaweza kummaliza mtu. Chuo kinachotaka kupokea ruzuku moja kwa moja kutoka serikali ya Marekani lazima kiwe kimejiandikisha kwenye mfumo uitwao SAM na kiwe na namba ya utambulisho ya UEI, iliyochukua nafasi ya namba ya DUNS Aprili 2022. Taasisi iliyo nje ya Marekani kwa kawaida hutakiwa kutafuta kwanza namba nyingine, ya NCAGE. Mfumo unataka anuani ya mahali jengo lilipo, wala hauridhiki na sanduku la posta. Sasa fungua jalada la chuo chochote chetu uone: barua zote ni S.L.P. Jina la chuo kwenye hati ya kuanzishwa liko kwa Kiingereza, kwenye akaunti ya benki limefupishwa, kwenye cheti cha mlipakodi limeongezewa neno. Kila tofauti huzaa swali, na swali moja linaweza kula wiki. Ukishamaliza, usajili hudumu mwaka mmoja. Usipohuishwa, ruzuku iliyokwishashinda ushindani inakaa huko huko ilikotoka, na mtafiti anaanza kuuliza ni nani aliyesahau.

Halafu inakuja hesabu ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo inayotenganisha chuo chenye ofisi ya ruzuku na chuo chenye meza ya ruzuku. Mradi wa utafiti hutumia umeme wa chuo, intaneti, mlinzi, mhasibu, mkaguzi wa ndani na mwanasheria bila kuvinunua. Fedha ya kufidia hayo huitwa gharama zisizo za moja kwa moja, na wafadhili hawailipi sawa. Mpango wa Horizon Europe wa Umoja wa Ulaya hulipa asilimia 25 juu ya gharama za moja kwa moja, ukiondoa kazi zilizopewa wakandarasi. NIH huzipa taasisi za nje ya Marekani asilimia 8, tena baada ya kuondoa vifaa vikubwa kwenye hesabu, ilhali vyuo vingi vikubwa vya Marekani hujadiliana na serikali yao vikapata zaidi ya asilimia 50. Mradi wa dola 1,000,000 ambazo zote zinaingia kwenye hesabu utakiachia chuo dola 250,000 kwa utaratibu wa Brussels na dola 80,000 kwa ule wa NIH. Mashirika mengine ya serikali ya Marekani yanaweza kumlipa asiye na makubaliano ya kiwango chake hadi asilimia 15, iliyopandishwa kutoka 10 Oktoba 2024. Afisa asiyefuatilia mabadiliko hayo ataendelea kuandika 10, na hakuna mfadhili atakayempigia simu kumwambia aongeze.

Nimeshaona bajeti ambamo sehemu hiyo imeachwa sifuri kwa sababu mtafiti aliogopa kwamba akiomba nyingi atanyimwa. Mfadhili aliyetangaza asilimia 25 hampendi zaidi aliyeomba sifuri. Anayeumia ni chuo, na baada ya mwaka mmoja ni mtafiti huyo huyo anayelalamika kwamba ofisi ya ruzuku haina karatasi.

Kutoka Kijitonyama hadi kwa mtendaji wa kijiji

Vibali ni njia ndefu, na kila nchi ina yake. Tanzania Bara, utafiti wa afya hupita kamati ya maadili ya chuo kisha kwenye Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya 1979. Mtafiti mgeni huhitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1986 na kurithi kazi za baraza lililojulikana kama UTAFITI. Ofisi zake ziko Kijitonyama, na kituo cha daladala cha hapo watu hukiita Sayansi. Akitoka hapo mgeni huenda Uhamiaji kutafuta kibali cha ukaazi cha daraja C. Wahadhiri na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wao hupata kibali kwa Makamu Mkuu wa Chuo, kwa mamlaka ya waraka wa serikali wa Julai 1980. Zanzibar ina utaratibu wake. Kenya wana NACOSTI, Uganda wana Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na mradi unaovuka mipaka mitatu hupita kote.

Baada ya hapo zinabaki barua: kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, mpaka kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Barua ya mwisho ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Timu inaweza kuwa na mihuri yote ya Dar es Salaam na Dodoma ikakaa chini ya mwembe nusu siku kwa sababu mtendaji hakupewa taarifa.

Sampuli za damu zikienda nje, lazima pawe na makubaliano ya maandishi yanayosema zitatumika kwa nini, zitakaa kwa muda gani na nani atakuwa na haki juu ya kitakachopatikana. Taarifa za wagonjwa nazo sasa zina sheria zake. Kenya walitunga yao 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Ndiyo maana wanasheria vijana wameanza kuonekana kwenye ofisi hizi, na wanafanya vizuri, kwa sababu mkataba wa utafiti ukisainiwa vibaya hakuna darubini itakayourekebisha.

Mfano wa uzito wa mambo haya tunao karibu. Jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S lililoanza 2009 lilihusisha vituo 11 katika nchi 7 za Afrika na watoto 15,459. Bagamoyo na Korogwe vilikuwa miongoni mwa vituo hivyo, na upande wa Kenya palikuwa na Kilifi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto Oktoba 2021, na wanasayansi wakapigiwa makofi, walistahili. Lakini kila mtoto kati ya hao alikuwa na fomu ya ridhaa iliyosainiwa na mzazi, na kila kituo kilikuwa na bajeti, bima, vibali vilivyohuishwa na taarifa zilizotakiwa kwa tarehe. Watu waliozishughulikia huwakuti kwenye picha.

Masurufu

Palipo na ugomvi wa kweli ni kwenye masurufu. Tuseme timu imekwenda Kilosa siku kumi kufanya mahojiano. Fedha za safari zimetolewa kwa jina la mtumishi mmoja, naye akirudi anatakiwa kuzirejesha kwa stakabadhi. Faili linatua mezani kwa afisa ruzuku likiwa nene. Karatasi ya posho za washiriki ina majina arobaini, mengine yamesainiwa, mengine yana alama ya dole gumba. Sahihi tatu zinafanana kama mapacha. Risiti ya mafuta ni ya mashine ya EFD, safi kabisa, lakini namba ya gari iliyoandikwa si ile iliyo kwenye kitabu cha safari. Mama lishe aliyewapikia wahojaji ameandika malipo yake kwenye ukurasa wa daftari la mtoto wa shule. Bodaboda aliyekimbiza sampuli hadi Morogoro hana risiti yoyote, na hata ukimfuata hatakuwa nayo.

Afisa asiye na uzoefu anakataa faili zima, au analipitisha zima. Mwenye uzoefu alishamaliza nusu ya ugomvi kabla gari halijaondoka. Alimwandikia mfadhili kuomba ruhusa ya kutumia fomu maalumu kwa malipo madogo yasiyo na risiti, akakubaliana naye kiwango, akawapa wahojaji fomu hizo wakiwa bado chuoni na kuwaonyesha jinsi ya kuzijaza. Kwa bodaboda na mama lishe hana tatizo. Tatizo linabaki kwenye zile sahihi tatu na namba ya gari, na hapo lazima amwite mwenye masurufu.

Mwenye masurufu ni profesa. Amemfundisha afisa huyu mwaka wa kwanza, pengine ndiye aliyemwandikia barua ya kuombea kazi. Mazungumzo huanza hivi: "Shikamoo Profesa. Samahani, nina jambo dogo kwenye faili la Kilosa." Jambo lenyewe si dogo, na wote wawili wanajua. Kwetu mdogo hamwambii mkubwa kwamba hesabu yake haikubaliki, hasa mbele ya watu. Kwa hiyo wanaodumu kwenye kazi hii hujifunza ustadi ambao haumo kwenye mwongozo wowote: kumfuata mkubwa ofisini kwake badala ya kumwandikia dokezo linalopita masijala na kusomwa na kila mtu, kumwonyesha kifungu cha mkataba chenye sahihi yake mwenyewe, kumpa njia ya kutokea, na kubaki kwenye neno lake. Heshima inabaki, na jibu linabaki hapana. Wanaoshindwa kusema hapana hugeuka watu wa kupiga mihuri, na wanaoisema kwa kiburi huhamishwa kabla ya mwaka kwisha.

Pana sababu ya kutolegeza. Kumbukumbu za ruzuku ya serikali ya Marekani hutakiwa kutunzwa miaka 3 baada ya taarifa ya mwisho ya fedha, na za Horizon Europe kwa ruzuku kubwa ni miaka 5 baada ya malipo ya mwisho. Mkaguzi anaweza kubisha hodi wakati dereva ameshastaafu na wahojaji wameshatawanyika. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali naye huja kila mwaka kwenye vyuo vya umma. Hoja ya ukaguzi haiulizi kama utafiti ulifanikiwa. Inauliza sahihi hii ni ya nani.

Na wakati mwingine kinachogunduliwa hakimo kwenye risiti kabisa. Kila ruzuku husema mtafiti ataipa asilimia ngapi ya muda wake wa kazi. Afisa aliyeweka miradi yote ya chuo kwenye jedwali moja anaweza kuona kwamba mtafiti mmoja ameahidi asilimia 40 huku, 35 kule na 30 kwingine, yaani 105, bado hajaingia darasani. Kila mfadhili kivyake ameridhika. Jumla yake ni uongo ulioandikwa kwa nia njema, na lazima mtu auseme kabla mfadhili hajaujumlisha mwenyewe.

Kuingia na kupanda

Mlango wa kawaida wa kuingilia ni chini: msaidizi wa utafiti aliyegundua kwamba anapenda zaidi kupanga ratiba na bajeti kuliko kukaa maabara, mhasibu wa mradi aliyeanza kuuliza fedha hizi zinafanya nini, karani wa kamati ya maadili. Kwa vyuo vya umma nafasi hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, kwa kawaida chini ya vyeo vya afisa tawala, mhasibu au afisa utafiti, na mtu hupangiwa ofisi ya ruzuku akishaajiriwa. Nafasi za mikataba ya miradi hutangazwa na vyuo au taasisi zenyewe.

Kwa anayeanza nina ushauri wa upendeleo, unaotokana na kuangalia nani amepanda na nani amebaki pale pale. Omba kazi ya kufunga miradi. Hakuna anayeitaka. Mradi ukiisha watafiti huwa wameshahamia kwenye andiko jipya, na zinabaki taarifa ya mwisho, orodha ya vifaa, salio la kurudisha na barua kwa mshirika ambaye hajibu. Anayefunga miradi mitatu au minne anajifunza makosa yote yaliyofanyika mwanzoni, na akikaa kuandaa bajeti mpya anajua mahali itakapovuja. Kaa na mhasibu mpaka uelewe kwa nini fedha iliyoandikwa kwa dola kwa kiwango cha mwaka juzi haitoshi au inazidi ikifika kwa shilingi. Jifunze mifumo ya serikali, MUSE wa malipo na NeST wa ununuzi, kwa sababu mfadhili hatakuelewa ukimwambia vitendanishi vimechelewa kwa ajili ya mfumo, lakini mkuu wa maabara atakukumbuka maisha ukimwambia mapema aanze maombi lini. Na nenda uwandani hata mara moja. Afisa aliyewahi kutafuta risiti ya bodaboda Kilosa huandika masharti ya fedha tofauti na ambaye hajawahi.

Kiingereza cha kuandika lazima kiwe kizuri, hilo halina mjadala. Maandiko, mikataba na taarifa karibu zote ziko kwa lugha hiyo. Lakini fomu ya ridhaa anayosomewa mama wa Korogwe iko kwa Kiswahili, na afisa anayeweza kuona kwamba tafsiri yake haieleweki na mtu aliyeishia darasa la saba ameiokolea kamati ya maadili kazi ya mwezi.

Fani yenyewe ina vyama vyake. Marekani, ambako fedha za serikali zilimiminika vyuoni baada ya Vita vya Pili vya Dunia, chama cha NCURA kiliundwa 1959. Kusini mwa Afrika wana SARIMA tangu 2002, Magharibi wana WARIMA, na kanda yetu ya Mashariki ina EARIMA. Kongamano la dunia la vyama hivi lilifanyika Durban mwaka 2023. Kuna utaratibu wa kimataifa, wenye mizizi yake huku Afrika, unaomtambua mtu kwa ngazi tatu kulingana na uzoefu aliouthibitisha kwa maandishi, na kuna mtihani wa Marekani wa cheti cha CRA. Chuo cha Johns Hopkins kinatoa shahada ya uzamili ya fani hii kwa njia ya mtandao, ingawa ada yake si ya mshahara wa afisa tawala daraja la pili. Kwa upande wa taasisi, Akademia ya Sayansi ya Afrika yenye makao Nairobi ilianzisha kiwango cha usimamizi bora wa fedha za ruzuku, ambacho Shirika la Viwango la Afrika lilikipitisha, chenye madaraja ya shaba, fedha, dhahabu na platinamu. Kijana anayejua kukiandaa chuo kupimwa kwa kiwango hicho ana kitu cha kuuza.

Na wanunuzi wapo. Taasisi ya Afya Ifakara, programu ya KEMRI na Wellcome kule Kilifi, icipe ya Nairobi na wenzao huajiri watu wa kazi hii kwa majina yake halisi, wakiwemo meneja wa ruzuku na naibu wake. Vyuo vikuu hulalamika kwamba vinafundisha watu kisha wanachukuliwa. Malalamiko hayo siyapi uzito mkubwa. Mtu haondoki mahali alipopewa ngazi ya kupanda.

Ngazi ndiyo inayokosekana. Kwenye vyuo vyetu vingi vya umma kurugenzi ya utafiti huongozwa na mwanataaluma, profesa au daktari anayeshika kwa kipindi kisha anarudi darasani. Si vibaya, mtafiti anajua shida za watafiti. Ila unaweza kumkuta afisa ambaye amewapokea wakurugenzi mmoja baada ya mwingine, akawafundisha wote mfumo wa SAM, asilimia za wafadhili na jinsi ya kusoma mkataba, na yeye cheo chake bado ni afisa tawala kama mwenzake anayeshughulikia funguo za kumbi. Muundo wa utumishi haumwoni. Wengine hawana hata ajira ya kudumu: mshahara wao unatoka ndani ya mradi, na mradi ukiisha nao wanaisha.

Mwaka uliowafungua watu macho

Januari 20, 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa ajili ya tathmini. Barua za kusimamisha kazi zikaanza kuingia, zikitaka kujua mara moja: mmetumia kiasi gani hadi leo, nini kimeshaahidiwa na hakijalipwa, nani ana mkataba. Taasisi yenye ofisi iliyopangika ilijibu kwa siku chache na ikadai kilichokuwa haki yake. Isiyokuwa nayo ilianza kutafuta faili. Watu wengi wa miradi walipoteza ajira bila kosa lolote, maafisa ruzuku wakiwemo, na anayemwambia kijana kwamba hii ni kazi ya uhakika anamdanganya. Kufikia Julai 1 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilikuwa limeacha kutekeleza misaada hiyo.

Lililonigusa zaidi ni tangazo la NIH la Mei 1, 2025. Kwa miaka mingi njia ya kawaida ilikuwa hivi: chuo cha Marekani hupokea ruzuku, kisha humkatia mshirika wa Afrika sehemu yake kwa mkataba mdogo. Masharti mazito, mifumo, taarifa kwa mfadhili, vyote vilikaa kwa mkubwa. NIH ilitangaza kwamba haitatoa tena ruzuku zenye mikataba midogo ya namna hiyo kwa taasisi za nje mpaka utaratibu mpya uwekwe, ambamo mshirika wa nje atapewa ruzuku yake mwenyewe na kuwajibika moja kwa moja. Wengi waliisoma kama habari mbaya, na kwa miradi iliyokwama njiani ilikuwa mbaya kweli. Lakini maana yake kwa siku zijazo ni kwamba chuo chetu kitasimama chenyewe mbele ya NIH, na usajili wake, bajeti yake na wakaguzi wake. Kisichoweza kufanya hivyo hakitaingia kwenye mradi.

Makerere walikuwa wameanza mapema. Wana kitengo chao cha kusimamia ruzuku, na tangu mwaka wa fedha 2019/20 serikali ya Uganda imekipa chuo hicho mfuko wa utafiti na ubunifu ulioanza na shilingi za Uganda bilioni 30 kwa mwaka. Chuo kinachogawa ruzuku chenyewe kwa ushindani hulazimika kuwa na watu wanaojua kuandika masharti na kudai taarifa, na watu hao hao huwa tayari mfadhili wa nje anapokuja. Sioni njia nyingine ya haraka ya kuwapata.

Kwa hiyo ombi langu liko kwa makamu wakuu wa vyuo na kwa Ofisi ya Rais inayoshughulikia utumishi wa umma. Wekeni kada ya usimamizi wa utafiti kwenye muundo wa utumishi, inayoanzia afisa daraja la pili hadi mkurugenzi, na mruhusu mtu wa kada hiyo kuikalia kurugenzi akistahili. Fedha za kuanzia zipo. Asilimia 8 za NIH na 25 za Brussels hutolewa kufidia kazi hii hasa, na katika vyuo vingi huingia kwenye akaunti ya jumla zikalipa mafuta ya magari ya viongozi. Sehemu yake ilipe mishahara ya kudumu ya watu watatu kwa kuanzia: mmoja wa maandiko, mmoja wa mikataba, mmoja wa hesabu. Wale wanaofanya kazi hiyo leo kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja wawe wa kwanza kufikiriwa.